Deni Lisilo na Mdai

Mjadala wa Katiba Mpya ukianza, haupiti muda kabla haujatua kwenye madaraka ya Rais, muundo wa Muungano na Tume ya Uchaguzi. Ni hoja nzito, na toleo hili halizikwepi. Ila tumeamua kuanza na kurasa ambazo wanasiasa wetu huziruka: Sehemu ya Pili ya Sura ya Kwanza ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, penye malengo muhimu ya taifa.

Malengo yenyewe si haba. Ibara ya 8 inasema serikali inapata madaraka yake kwa wananchi, na lengo lake kuu ni ustawi wao. Ibara ya 9 inataka rushwa, dhuluma na upendeleo viondolewe, na utajiri wa taifa uelekezwe hasa katika kuondoa umaskini, ujinga na maradhi. Inataka pia uchumi usiendeshwe kwa namna itakayolimbikiza mali kwa wachache. Ibara ya 11 inagusa kazi, elimu na ustawi wa mzee, mgonjwa na mwenye ulemavu. Mashirika mengi ya umma yameuzwa, soko limefunguliwa, lakini masharti hayo yamo vilevile.

Tatizo liko Ibara ya 7. Kifungu cha kwanza kinavitaka vyombo vyote vya dola, hata vile vya utoaji haki, vizingatie malengo haya. Kifungu cha pili kinazizuia mahakama zote kuamua kama yamezingatiwa. Wahenga walisema ahadi ni deni. Hapa tuna deni ambalo mdai wake amefungiwa mlango.

Tukumbuke kwamba malengo haya na Haki za Binadamu viliingia katika Katiba kwa mkono mmoja: Sheria Na. 15 ya mwaka 1984. Wakati wa uhuru, viongozi wa TANU walizikataa Haki za Binadamu wakihofia zingeifunga mikono serikali changa. Mwaka 1984 zilipokubaliwa, serikali ilipewa hadi Machi 1988 kusafisha sheria zake. Hofu ile haikutimia. Iliyotokea ni kwamba raia alipata pa kushtakia: Jaji Lugakingira aliwasikiliza wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, waliolalamikia moshi na harufu ya jaa la taka la Jiji, akaihusisha kero yao na haki ya kuishi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu vya Sheria ya Ndoa vilivyoruhusu msichana aolewe kabla ya miaka 18, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono mwaka 2019. Mtoto asiye na darasa hana ibara ya namna hiyo ya kuishika.

Wapo wanaosema nchi maskini haiwezi kumwachia jaji bajeti yake. Hoja hiyo ina uzito: hakimu hachimbi kisima wala haajiri walimu. Ila kati ya jaji kupanga bajeti na serikali kutoulizwa kitu pana nafasi kubwa, na wengine wameitumia. India, ambayo Katiba yake ya 1950 nayo iliyaweka malengo ya namna hii nje ya mahakama, iliihamishia elimu ya watoto kwenye haki za msingi mwaka 2002. Kenya, katika Katiba ya 2010, imeorodhesha afya, makazi, chakula, maji na elimu kuwa haki. Huko, serikali ikidai haina uwezo, ni juu yake kuthibitisha.

Msimamo wa jarida hili uko katika nafasi hiyo ya kati. Katiba Mpya isiahidi kila kitu kesho asubuhi. Iseme lengo lipi ni haki sasa, kuanzia elimu ya msingi na matibabu ya dharura. Na kwa yaliyobaki, serikali ipeleke bungeni kila mwaka taarifa ya hatua iliyopigwa na sababu ya kukwama. Waandishi wa toleo hili hawakubaliani wote nasi: yupo anayetetea Ibara ya 7 kama ilivyo, na tumempa nafasi kamili. Msomaji apime. Lakini wajumbe wa Bunge la Katiba watakapokaa tena kuandika, wasiturudishie kifungu kile cha pili bila kutueleza kinamlinda nani.