Magugu ya Uwanjani na Dawa Zake: Simu Kutoka Suam



Safu hii hupokea masuali mengi ya jikoni na ya malezi, na machache mno ya bustani. Sababu yake si ngumu kuijua. Wengi wetu huku pwani tumekulia penye ua wa mchanga uliofagiwa alfajiri kwa ufagio wa chelewa, na gugu likithubutu kuchomoza hung'olewa kabla chai haijachemka. Lakini jamaa zetu waliohamia bara kwa kazi na biashara wamejikuta na jambo tusilolizoea, nalo ni uwanja wa nyasi mbele ya nyumba: wa kubarizi jioni, wa watoto kucheza, na wa kutandika majamvi siku ya Idi. Uwanja huo una maadui zake, na maadui hao wana dawa zao madukani.

Wiki tatu zilizopita alinipigia simu wifi yangu anayeishi Suam, penye mpaka wetu na Uganda, kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Alikuwa analia hata nikadhani kuna msiba. Kisa chenyewe kilianza mwaka jana, mvua za masika ziliposhika. Uwanja wao una urefu wa hatua ishirini na upana wa hatua kumi, nao ulikuwa umevamiwa na kishona nguo, ndago, na kile kimea cha majani matatu mfano wa kopa ambacho watoto hukitafuna kwa uchachu wake. Kaka yangu akateremka Kitale, akaingia katika duka la pembejeo, akaomba dawa ya magugu. Muuzaji akammiminia kutoka mtungi mkubwa, akaijaza chupa ya maji ya nusu lita, akampa na nasaha moja tu: "Hii inaua yote."

Muuzaji hakusema uwongo. Baada ya siku kumi uwanja mzima ulikuwa umegeuka rangi ya mkeka mkuukuu, nyasi na magugu pamoja. Hasara hiyo waliivumilia, wakapanda nyasi upya. Kilichomliza wifi yangu ni baki ya ile dawa. Chupa iliwekwa juu ya ukingo wa dirisha karibu na bomba la kutawadhia, ikasahauliwa mwaka mzima. Siku hiyo mtoto wao wa mwisho, mwenye umri wa miaka mitano, alitoka kucheza na kiu yake, akaitwaa na kuifungua. Dada yake aliyekuwa akitawadha ndiye aliyempokonya ikiwa imekwisha gusa mdomo. Alhamdulillahi, hakumeza.

"Wifi," aliniambia, "nataka unifundishe hizi dawa tangu mwanzo, maana huyu kaka yako anasema atanunua nyingine."

Basi na tuanze na jina lenyewe. Lugha yetu imeipa sumu hii jina la dawa, na jina hilo hutulaza usingizi, kwani dawa tunaijua ni kitu cha kuponya. Wataalamu huiita kiuagugu, na nadhani ni bora sote tuzoee kuiita hivyo.

Viuagugu ni vya namna nyingi, lakini kwa mwenye uwanja wa nyasi tofauti kubwa ni moja. Kuna kinachoua kila jani la kijani kitakalolifikia, na kuna kinachochagua. Cha namna ya kwanza kinachojulikana zaidi ni glifoseti, iliyoingia sokoni mwaka 1974 kwa jina la Roundup na siku hizi huuzwa kwa majina chungu nzima. Huingia kwa majani, ikasafiri mpaka mizizini, na mmea ukafa mzima. Hiyo ndiyo sifa ya ile ya kaka yangu, ingawa kwa chupa isiyo na jina hakuna awezaye kuapa. Cha namna ya pili, kilicho maarufu zaidi, huandikwa kwa tarakimu na herufi: 2,4-D. Hiki hujifanya homoni ya mmea. Magugu ya majani mapana hukua ovyo, yakajipinda na kusokoteka, kisha yakafa; nyasi hustahimili. Wakulima wa Trans Nzoia wanakifahamu tangu zamani, kwa kuwa mhindi nao ni katika jamii ya nyasi, hivyo husalimika.

Kumbe basi aliyehitaji kuua kishona nguo akabakiza nyasi alipaswa kuuliza kinachochagua. Lakini hapo pana mtego ambao wauzaji wengi hawautaji. Ndago si nyasi na wala si jani pana. Ni mmea wa ukoo wake mbali, wenye vinundu chini ya udongo. Ukiupiga 2,4-D huungua juu, na baada ya wiki chache vinundu huchipua tena. Kuna kiuagugu kiitwacho halosulfuroni kilichokusudiwa hasa ndago, na anayekitaka akiulize kwa jina hilo. Ama sangari, ile nyasi ya mizizi mirefu inayotambaa chini kwa chini, ni nyasi hasa. Hakuna cha kuchagua kitakachoiua na kuuacha uwanja salama. Huchimbuliwa kwa uma wa bustani, mzizi kwa mzizi, au hupakwa glifoseti jani kwa jani kwa sifongo iliyofungwa kwenye kijiti, mkono ukiwa ndani ya glavu.

Nitoke nje ya njia kidogo. Uwanja wa wifi yangu ni wa ile nyasi nene ya nyanda za juu ambayo dunia nzima huiita nyasi ya Kikuyu. Asili yake ni milima yetu hii ya Afrika Mashariki. Imepelekwa Australia, Afrika Kusini na California kuwa malisho na viwanja, na huko imeenea hata watu wananunua viuagugu vya kuipiga vita. Anachokililia mwenzako huenda ndicho unachokifukuza wewe.

Sasa tuje dukani, maana hapo ndipo kaka yangu alipokosea, na kosa lake halikuwa kukosa elimu ya mimea bali ni kupokea chupa isiyo na jina. Bidhaa hizi katika Kenya husajiliwa na bodi ya serikali ijulikanayo kwa herufi PCPB, iliyowekwa na sheria ya mwaka 1982, na kila chombo halali huwa na nambari ya usajili ya bodi hiyo kwenye lebo. Kiuagugu kilichopimwa kutoka mtungini hakina nambari, hakina kipimo, hakina tarehe ya kwisha. Nawaonya pia wakazi wa mpakani: chombo kilichovuka daraja kutoka Uganda kina usajili wa huko, si wa hapa, hata kama bei yake inapendeza.

Chini ya lebo mna utepe wa rangi. Nyekundu ni sumu kali, ya njano ni ya kati, ya buluu ni ndogo zaidi, na ya kijani ni ile ambayo kwa matumizi ya kawaida haitarajiwi kudhuru vikali kwa mara moja. Asiyejua kusoma Kiingereza ataweza kusoma rangi. Kwa nyumba yenye watoto mimi sishauri nyekundu iingie hata kizingitini. Parakwati nayo, rangi yoyote iwayo, haina mahali penye uwanja wa nyumbani: akiimeza mtu haina dawa ya kuibatilisha, na Umoja wa Ulaya uliifungia mwaka 2007.

Wifi yangu aliniuliza habari za saratani. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka glifoseti katika kundi la vitu ambavyo yaelekea huleta saratani kwa binadamu, na 2,4-D katika kundi la chini yake, la vile vinavyoshukiwa. Mamlaka za Marekani na za Ulaya zinazosimamia sumu zimeshikilia kuwa glifoseti ikitumiwa kama ilivyoagizwa haielekei kuleta ugonjwa huo. Wenye elimu wangali wakibishana, nami si wa kuwaamua. Lakini ua ni wa watoto wetu, na gugu la uani si njaa. Penye shaka na penye jembe, mimi hushika jembe.

Atakayetumia, basi apime. Kijiko cha chai na kizibo cha chupa si vipimo. Tuseme lebo inaagiza lita 2 kwa hekta. Hekta ni mita za mraba 10,000, kwa hiyo kila mita yapata mililita 0.2, uwanja wa mita za mraba 200 unataka mililita 40 tu, kiasi kisichojaza kikombe cha kahawa. Kabla ya kuchanganya, tia maji matupu katika pampu ya mgongoni, nyunyizia mraba wa mita kumi kwa kumi kwa mwendo wako wa kawaida, uone umetumia lita ngapi. Ikiwa ni lita 4, basi uwanja mzima ni lita 8, na hizo mililita 40 zitiwe humo. Pampu nyingi ni za lita 16 au 20, na mtu huona haya kuijaza nusu. Matokeo yake ni baki asiyojua pa kuipeleka, akaitia katika chupa ya maji.

Maji yenyewe yawe safi. Glifoseti hugandamana na udongo, kwa hiyo maji mekundu ya mto wakati wa masika huipunguza nguvu kabla haijatoka pampuni. Saa nayo ina hesabu yake. Miteremko ya Elgon aghalabu hupata mvua alasiri. Piga asubuhi umande ukishakauka na upepo ukiwa umetulia, ili kiuagugu kipate saa kadhaa majani yakiwa makavu. Gugu changa lenye kukua hunywa vizuri, lililokauka kwa kiangazi halinywi.

Upepo nataka kuukalia kidogo, kwa sababu jirani wa wifi yangu ni mkulima. Katika Trans Nzoia na Bungoma desturi ni kupanda maharagwe baina ya mahindi. Moshi mwembamba wa 2,4-D ukivuka ua hautayagusa mahindi, bali maharagwe yatajikunja, na nyanya vivyo hivyo, maana hizo ni dhaifu mno mbele yake. Haki ya jirani tunaijua sote. Anayenyunyiza na ampigie hodi siku moja kabla, amweleze, na aache ukanda wa hatua kadhaa kando ya ua aupalilie kwa mkono. Halafu kuna ng'ombe. Jirani huyo amezoea kuchukua nyasi zilizofyekwa uwanjani akalishe. Nyasi zilizonyunyiziwa asipewe mpaka muda ulioandikwa kwenye lebo upite, wala zisitandazwe kwenye tuta la sukuma wiki.

Mwenye kunyunyiza avae gambuti, glavu, nguo za mikono mirefu na kinga ya macho. Nguo hizo zifuliwe peke yake. Watoto wasikanyage mpaka majani yakauke na muda wa lebo utimie, na majamvi yasitandikwe hapo siku hiyo. Chombo kikiisha kisuuzwe mara tatu, maji ya kusuuzia yarudi pampuni yakanyunyizwe papo hapo, kisha kitobolewe ili asiwepo wa kukitilia mafuta ya kupikia. Pampu isioshwe mtoni. Mto Suam hauishii mpakani. Huteremka ukawa Turkwel, ukapita bwawa la umeme, ukaenda mpaka Ziwa Turkana, na njiani mna watu na mifugo wanaoyanywa maji hayo.

Ikitokea mtu amemeza, msimlazimishe kutapika, na maziwa ambayo sisi wa pwani huyakimbilia si dawa ya sumu hizi. Apelekwe hospitali mara moja pamoja na chombo chenye lebo, ili daktari ajue anapambana na nini. Hapo ndipo ubaya wa chupa ya maji unapodhihiri mara ya pili.

Nilimuuliza wifi yangu uwanja sasa una magugu kiasi gani. Akahesabu kwa jicho, akasema kishona nguo pembeni tu, ndago pahali pamoja karibu na bomba linalovuja, na sangari kwenye ua. Nikamwambia hapo hapana haja ya pampu. Bomba litengenezwe, kwa kuwa ndago hupenda udongo wa maji. Kishona nguo king'olewe siku ya pili ya mvua, udongo ukiwa laini, kabla hakijatoa zile mbegu zinazoshika kanzu. Na kaka yangu aache kuzifyeka nyasi mpaka udongo uonekane kama anavyopenda. Zikiachwa na kimo cha vidole viwili vitatu hufunika ardhi, na mbegu ya gugu hukosa jua.

Chupa ile bado iko kwao, imefungiwa katika sanduku la zana lenye kufuli, imeandikwa SUMU kwa kalamu nzito pande zote mbili. Sikumruhusu aimwage. Kaka yangu amekwenda nayo mara moja kwa afisa wa kilimo akamkosa, Jumatatu atarudi.

Wiki ijayo, inshaallah, nitajibu suali la mama wa Malindi kuhusu mchwa wa milangoni.