Rubani Hakuambiwa

Tarehe 10 Machi, 2019, ndege ya Shirika la Ndege la Ethiopia iliyokuwa ikitoka Addis Ababa kwenda Nairobi ilianguka karibu na mji wa Bishoftu, dakika sita tu baada ya kuruka. Watu wote 157 waliokuwamo walikufa, na kati yao 32 walikuwa Wakenya. Tarehe 29 Oktoba, 2018, ndege nyingine ya aina ile ile, Boeing 737 MAX, ilikuwa imetumbukia katika Bahari ya Java, Indonesia, ikaua watu 189.

Ndege zote mbili ziliinamishwa na mtambo mmoja wa kompyuta, uitwao MCAS. Kipimo kidogo kilichopachikwa ubavuni mwa pua ya ndege kiliharibika, kikaiarifu kompyuta kwamba pua imeinuka mno; nayo kompyuta, bila ya kuuliza kipimo cha pili kilichokuwa upande wa pili, ikaisukuma pua chini. Rubani akaiinua. Kompyuta ikaishusha tena. Katika ndege ya Indonesia mvutano huo ulirudiwa zaidi ya mara 20, na marubani wale hawakujua wanashindana na nini, kwa kuwa katika kitabu chao cha maelekezo mtambo huo haukuelezwa.

Haikuwa bahati mbaya. Kampuni ya Boeing ilikuwa mbioni kushindana na Airbus ya Ulaya, na badala ya kubuni ndege mpya ilichukua umbo lililoruka mara ya kwanza mwaka 1967 na kulifungia injini kubwa zaidi. Injini hizo zilibadili mwenendo wa ndege, na MCAS ikawekwa kuuficha mgeuko huo. Kama marubani wangelazimika kufundishwa upya katika mitambo ya kuigiza urukaji, wanunuzi wangeingia gharama. Shirika moja la Marekani lilikuwa limeahidiwa kupunguziwa dola 1,000,000 kwa kila ndege endapo mafunzo hayo yangehitajika. Kwa hiyo ujinga wa rubani ulikuwa na bei yake, na bei hiyo ilikwisha kuandikwa katika mkataba.

Baada ya ajali, wako waliothubutu kudai, hata katika Bunge la Marekani, kwamba marubani waliofunzwa Marekani wangeziokoa ndege hizo. Dharau hiyo ni ya zamani. Rubani wa Ethiopia alifuata maelekezo yaliyotolewa baada ya ajali ya kwanza, akaukata umeme wa mtambo, lakini kwa kasi ile gurudumu la mkono halikuweza tena kuzungushwa. Uchunguzi wa Bunge hilo hilo, uliotolewa Septemba 2020, uliilaumu kampuni pamoja na wakaguzi wa serikali, ambao walikuwa wameiachia kampuni ijikague yenyewe sehemu kubwa ya kazi.

Jambo la wakaguzi ndilo linalostahili kutafakariwa zaidi na mataifa yanunuayo ndege. Desemba 2018 idara ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, ilikadiria kwamba mtambo huo usiporekebishwa ungeweza kusababisha ajali 15 za vifo katika maisha ya ndege hizo. Hata hivyo ziliachwa ziruke. China na Ethiopia zilizisimamisha kabla ya Marekani, ambayo ilifuata tarehe 13 Machi. Na Ethiopia ikavipeleka vinasa-habari vya ndege yake Paris, wala si Washington. Kwa miaka mingi hati ya FAA ilikuwa ikipokewa duniani kama neno la mwisho. Siku zile haikupokewa hivyo.

Ni kweli kwamba MCAS imerekebishwa: tangu Novemba 2020 ndege hizo zimeruhusiwa kuruka Marekani, mtambo ukilinganisha vipimo vyote viwili na rubani akiwa na uwezo wa kuushinda. Tanzania nayo ilipokea 737 MAX 9 yake ya kwanza mwaka 2023. Basi mtumishi wa serikali anayekabidhiwa mkataba wa ndege ana haki ya kudai, kabla ya kutia sahihi, orodha ya kila mtambo unaoweza kugusa usukani bila ya amri ya rubani, mafunzo ya kila mmoja wao yakiwa ndani ya bei, na wakaguzi wa nchini wakiwa wamesoma karatasi zile zile alizosoma muuzaji.