Mkopo wa Simu na Majina ya Ndugu Zako

Mkopo wa shilingi elfu hamsini ukichelewa siku tatu, anayepigiwa simu si mkopaji peke yake. Anapigiwa shangazi yake, kisha bosi wake, kisha fundi aliyemtengenezea friji mwaka juzi. Wote wanaambiwa neno moja: huyu mtu wenu ni tapeli, mwambieni alipe.

Wakopaji wengi wa Kenya na Tanzania wamepita hapo. Watanzania walikuwa na jina la mikopo ya mitaani yenye riba ya kuumiza, wakiiita kausha damu. Sasa jina hilo limeifuata mikopo ya mtandaoni.

Biashara hii haikuanza vibaya. Novemba 2012 Safaricom na benki ya CBA walianzisha M-Shwari, na Wakenya wakazoea kukopa kwa simu ya kawaida. Mwaka 2014 kampuni ya Kimarekani ambayo leo inaitwa Tala iliingia Nairobi na programu yake, wakati huo ikijulikana kama Mkopo Rahisi. Benki ilidai hati ya kiwanja, mdhamini na karatasi ya mshahara. Programu ilisoma jumbe za M-Pesa, ikaona mtu anaingiza na kutoa kiasi gani, ikaamua. Mama lishe asiyewahi kuketi mbele ya ofisa mikopo alipata mtaji wa unga na mafuta kabla hakujapambazuka. Anayetaka programu hizi zifutwe zote aseme kwanza mama huyo akakope wapi.

Ubaya uliingia na waigaji. Hao waligundua kuwa mkopo huo una dhamana nono: orodha ya majina iliyomo kwenye simu. Mwombaji akibonyeza "ruhusu", majina yote yanahama, na heshima yake kwa watu wake inawekwa rehani. Tuseme ameomba 100,000, akapokea 70,000 baada ya makato, na anatakiwa arudishe 100,000 ndani ya siku saba. Hiyo ni karibu asilimia 43 ya alichopokea, kwa wiki moja. Mkopo wa namna hiyo haulipiki kwa faida ya genge. Unalipwa kwa aibu.

Serikali zimeamka, ingawa kwa kuchelewa. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za Machi 2022 zilipiga marufuku vitisho na kuwasumbua watu waliomo kwenye simu ya mdaiwa. Hadi Septemba mwaka huo, kati ya maombi 288 ya leseni, yalikuwa yamepita 10 tu. Benki Kuu ya Tanzania nayo, Novemba 2024, ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni.

Hata hivyo, pigo zito lilitoka mbali. Kuanzia tarehe 31 Mei 2023, Google ilizizuia programu za mikopo kwenye duka lake kusoma majina na picha za mtumiaji. Ni nafuu kubwa, lakini ni nafuu ya kuazima: aliyeitoa ni kampuni ya California, nayo yaweza kuibadili itakapotaka. Tena programu iliyotumwa kwa kiungo cha WhatsApp haipiti dukani, na iliyofungiwa leo hurudi kesho na jina jipya.

Jina hubadilika upesi, lakini njia ya pesa ni ileile. Kwa kawaida mkopeshaji wa mtandaoni hutoa mkopo na kukusanya madeni kupitia M-Pesa, Airtel Money au mtandao mwingine uliosajiliwa hapahapa. Namba yake ya malipo ina mwenyewe, na mwenyewe anajulikana. Orodha ya programu haramu 69 ingekuwa na meno zaidi kama kila jina lingeambatana na amri kwa mitandao ya simu: fungeni namba hii leo. Kumfukuza mkopeshaji dukani na kumwachia namba ya kukusanyia madeni ni kazi nusu.

Wakati amri hiyo ikisubiriwa, msomaji aliyekwisha kudhalilishwa asinyamaze. Ahifadhi jumbe zote za vitisho na kupeleka malalamiko, kwa Tanzania kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na kwa Kenya kwenye Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambayo tayari imewahi kuwatoza faini wakopeshaji wa aina hii.