Rali si ya matajiri tu, ila usiuze ng'ombe wa mzee

Shabiki wa Musoma hahitaji kufundishwa kwamba michezo ni fedha. Oktoba 2021 Biashara United iliichapa Al Ahli Tripoli ya Libya mabao 2-0 kwenye Kombe la Shirikisho Afrika, mji mzima ukaanza kuota mbali. Kisha timu ikashindwa kusafiri kwenda Libya kwa mchezo wa marudiano. Hawakufungwa. Safari ndiyo iliyowashinda.

Sasa mkoani Mara wapo vijana wanaotamani mchezo ambao safari ndiyo mechi yenyewe. Tangu Safari Rally irudi kwenye kalenda ya dunia mwaka 2021 na kuweka kambi Naivasha, video za magari yanayopasua vumbi zinatembea kwenye simu kuliko hata mabao ya Ligi Kuu. Kenya yenyewe si mbali, ukivuka Sirari umeshaingia. Mtu anatazama, anageukia barabara ya vumbi ya kijijini kwao Butiama, anasema: mbona hata huku inawezekana?

Inawezekana. Tatizo ni mahali vijana wengi wanapoanzia.

Wengi wanaanzia kwenye gari. Na si gari lolote, ni Subaru yenye turbo, ya mkononi, iliyochoka, inayouzwa na mtu ambaye naye anataka kuikimbia. Kijana anauza kiwanja, au anambembeleza mzee auze ng'ombe, analeta chuma nyumbani. Wiki ya kwanza ni picha na honi. Mwezi wa pili gari lipo juu ya mawe, linasubiri gia boksi.

Huo ni usajili wa kishabiki. Ni sawa na timu ya daraja la chini kumaliza fedha zote kwa straika mmoja, halafu haina nauli ya kwenda ugenini. Kwenye rali bei ya gari ni kiingilio tu. Mechi yenyewe inachezwa na tairi, shokapu, mafuta, breki, ada ya kushiriki, gari la kubeba mafundi, chakula na malazi ya watu wote hao. Njia za Mara nazo hazina huruma. Kokoto na mawe yanachana tairi, na mvua ikinyesha udongo mweusi wa mbuga unamng'ang'ania tajiri na maskini bila kubagua. Asiye na bamba la kukinga sampo atarudi amevutwa kwa kamba.

Historia ya mchezo huu Afrika Mashariki haikuandikwa na magari ya bei mbaya peke yake. Joginder Singh aliposhinda Safari mwaka 1965, alikuwa na Volvo PV544 iliyokwisha kutumika kwenye mashindano mengine. Alikuwa fundi, mtoto wa mwenye gereji, na alilijua gari lake kama mchezaji anavyoujua mguu wake. Alishinda tena 1974 na 1976. Katikati ya hapo Tanzania nayo ilikuwa na lake: Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi nchini, alitwaa Safari mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, kwa Peugeot 404. Gari hilo wazee wanalikumbuka kama gari la kazi na la abiria.

Halafu kuna Mkenya Patrick Njiru. Mwaka 1993 aliingia Safari na Subaru Vivio, kigari cha injini ya cc 660, kidogo kuliko injini za baadhi ya pikipiki kubwa. Kwenye timu hiyohiyo, na kigari cha aina hiyohiyo, alikuwamo Colin McRae, ambaye miaka miwili baadaye alikuwa bingwa wa dunia. McRae hakumaliza. Njiru alimaliza. Kwenye rali anayefika ndiye anayehesabiwa, na dereva wa bajeti ndogo akilielewa hilo ameshapunguza nusu ya gharama zake. Kila jiwe analolikwepa ni fedha iliyobaki mfukoni.

Basi mwenye fedha kidogo aanzie wapi?

Kwanza, aanze bila gari. Mashindano ya taifa yanasimamiwa na AAT, chama kinachotambuliwa na Shirikisho la Kimataifa la Mbio za Magari (FIA), kama TFF ilivyo kwa FIFA. Mbio hizo zinahitaji watu wengi: wa kuzuia watazamaji wasiingie njiani, wa kushika muda, wa kubeba tairi na spana. Kijana akapande basi aende Tanga, Iringa, Morogoro au Arusha kunapokuwa na mbio, ajitolee. Siku mbili pale zitamfundisha mambo ambayo video za mwaka mzima hazimwambii.

Pili, afikirie kiti cha kushoto. Gari la rali lina watu wawili, na msoma ramani si abiria. Ndiye anayemwambia dereva kona inayokuja ni kali kiasi gani, wapi kuna mtaro, na saa ngapi wawe kwenye kituo cha ukaguzi wasije wakakatwa. Kazi hiyo inadai kichwa kilichotulia na tumbo gumu, wala haidai kumiliki gari. Na anayesoma njia kwa misimu miwili huwa ameshajifunza kuendesha bila kulipia ajali hata moja.

Tatu, gari likija, liwe dogo, la magurudumu mawili ya kuvuta, la aina ambayo vipuri vyake vinapatikana Bunda bila kusubiri basi la Dar. Starlet au Corolla nzee inatosha. Uganda wana mashindano ya ngazi ya chini kwa wanaoanza, na magari ya namna hiyo ndiyo wenyeji. Liwe la watu wanne au watano waliochangishana na kuandikiana, kila mtu na kazi yake: fundi, dereva, msoma ramani, mtafuta wadhamini. Timu za mtaani zinanunua jezi hivyohivyo.

Kuna mahali pamoja tu ambapo ubahili ni marufuku. Kizimba cha mabomba kinacholinda paa lisiwabonyee, mikanda ya mashindano, kofia ngumu, nguo zisizoshika moto haraka na mtungi wa kuzimia moto. Rangi ya gari inaweza kusubiri hata miaka mitatu. Kizimba kisubiriwe kabla ya mbio ya kwanza, na kikicheleweshwa na ukata, basi mbio nazo zicheleweshwe.

Hapa ndipo wakubwa wa michezo Mara wanapoingia. Soka lina ndondo. Mtoto hahitaji kusajiliwa na Simba au Yanga ili aguse mpira, kuna mchangani. Mbio za magari nazo zina mchangani wake, unaitwa autokrosi: njia fupi ya vumbi kwenye uwanja uliofungwa, gari linazunguka kwa kuhesabiwa muda. Kenya wanaicheza miaka mingi, na wana hadi daraja la watoto. Haihitaji kufunga barabara ya wilaya nzima. Inahitaji eneo la wazi, gari la wagonjwa, kibali, na watu wa AAT kuja kukagua.

Bila hivyo, vijana hawataacha. Watajipima usiku kwenye lami ya Bunda kwenda Musoma, katikati ya bodaboda, ng'ombe na akina mama wanaowahi soko. Huko hakuna kizimba, hakuna msoma ramani, na anayelipa mara nyingi si aliyekuwa akikimbia.

Wapo watakaosema mkoa ambao timu yake ya mpira ilishuka daraja 2022 hauna sababu ya kuzungumzia magari. Lakini autokrosi haili fungu la mpira. Inataka kiwanja kimoja na Jumapili chache, na kijana wa gereji ambaye hajui kupiga danadana naye anastahili siku yake ya kushangiliwa. Halmashauri za Musoma, Bunda na Butiama zikishindwa kukaa meza moja kwa hilo, zisije zikashangaa kusikia ajali.

Na kijana mwenyewe asikimbilie kununua. Ng'ombe wa mzee wabaki zizini. Aanze na nauli ya basi la kwenda kushika kamba kwenye mbio za wenzake. Biashara United ilishaionyesha Mara kwamba nauli ya safari inatafutwa mapema, kabla ya kushangilia mabao.