HUKUMU PEKE YAKE HAIJENGI NYUMBA

Ndugu wafanyakazi,

Baadhi yenu mwauliza kama ni haki fedha za chama zitumiwe kortini kudai makao, maji na matibabu, au tushughulike na mishahara tu. Sisi twajibu: ni haki, maana mshahara ukipanda na kodi ya nyumba ikaumeza, tumepata nini? Lakini kwanza tuijue njia ilivyo.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya afya, makao, chakula, maji na elimu. Kifungu cha 22 chakiruhusu chama kushtaki kwa ajili ya wanachama wake, wala hakuna ada ya kufungua kesi hiyo. Na Serikali ikisema haina fedha, Kifungu cha 20 chaitaka yenyewe ithibitishe hivyo.

Sasa tazameni wenzetu wa kijiji cha Mitumba, karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi. Walipewa siku 7 wahame. Wakaenda kortini kwa chama chao, Mitu-Bell, wakapata amri ya kuzuia. Hata hivyo nyumba zao zilibomolewa Novemba 2011. Mwaka 2013 Mahakama Kuu iliwapa ushindi. 2016 Mahakama ya Rufaa ikautangua. Januari 2021 Mahakama ya Juu ilisema kwamba majaji waweza kutoa amri na kuendelea kuangalia inavyotekelezwa. Kisha ikairudisha kesi Mahakama Kuu iamue wastahili kupewa nini.

Karibu miaka 10! Mtu mmoja angechoka njiani. Kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini kwa kuwa walisimama pamoja, hukumu ile sasa ni silaha ya kila mpangaji na kila mfanyakazi.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya. Chama kichague kesi chache zenye kuwafaa wengi. Kila kesi iwe na kamati ya kuifuata hata baada ya hukumu, kwani amri isiyo na watu wa kuisimamia huvunjwa mchana kweupe. Wala tusiache kuzungumza na waajiri tukingoja majaji.

Nanyi wekeni kila barua, risiti na notisi mnayopewa. Wakili husema mbele ya jaji, lakini ushahidi ni sisi tunaouleta. Upelekeni kwa katibu wa tawi lenu.

Umoja ni nguvu.