Kutoka Shinkolobwe hadi Rongelap: maswali kwa makanisa yanayoishi juu ya madini

Mwezi wa Machi 2025, meli ya matanga Rainbow Warrior ya shirika la Greenpeace ilitia nanga Majuro, mji mkuu wa Visiwa vya Marshall, katikati ya Bahari ya Pasifiki. Ilibeba wanasayansi waliokwenda kupima madhara yaliyobaki baada ya majaribio ya mabomu ya nyuklia ya Marekani. Kati ya 1946 na 1958, mabomu 67 yalilipuliwa huko.

Kwa wapendwa wa Bukavu, Uvira au Kalemie, habari hii yaweza kuonekana ya mbali mno. Kwetu Kamatanda ni ya jirani. Kilomita 20 hivi kutoka Likasi kuna Shinkolobwe, na sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na Marekani miaka ile ilichimbwa pale na baba na babu zetu chini ya kampuni ya Union Minière. Hawakuambiwa inakwenda kufanya nini.

Watu wa Marshall hawakuwa wageni wa Injili. Wamisionari waliwafikia mwaka 1857 kwa meli ya matanga Morning Star, iliyojengwa kwa sarafu za watoto wa shule ya Jumapili kule Marekani. Kwa hiyo, Jumapili moja ya Februari 1946, afisa wa jeshi la Marekani aliwakuta watu wa Bikini wametoka ibadani. Aliwafananisha na wana wa Israeli, akawaomba waache kisiwa chao kwa muda, kwa faida ya wanadamu wote. Watu 167 wakahamishwa. Walikopelekwa walipatwa na njaa, na hadi leo Bikini haijarudi kuwa makao yao.

Jirani zao wa Rongelap hawakuombwa lolote. Tarehe 1 Machi 1954 bomu lenye nguvu kama mara 1,000 ya lile la Hiroshima lililipuliwa Bikini. Majivu meupe yaliwaangukia, watoto wakayachezea. Waliondolewa baada ya siku mbili, wakarudishwa mwaka 1957 wakiambiwa pako salama. Ndipo zikafuata mimba kuharibika na uvimbe wa shingo. Mwaka 1985 waliamua wenyewe kuondoka. Rainbow Warrior ya wakati ule ikawasafirisha, zaidi ya watu 300, pamoja na mbao za nyumba zao, hadi kisiwa cha Mejatto.

Tunasimulia haya kwa sababu madini yetu yanatafutwa tena kwa haraka. Februari 2025 serikali yetu ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje ya nchi, na Oktoba ikaweka viwango maalum. Amani ya mashariki yenyewe, iliyotiwa sahihi Washington tarehe 27 Juni 2025, inazungumzwa pamoja na biashara ya madini. Tunaiombea amani hiyo kwa moyo wote. Lakini tumejifunza kwamba neno «kwa faida ya wote» laweza kuwa kweli kwa anayelisema, huku gharama ikibaki kwa asiyeulizwa.

Kobalti si bomu, na uchimbaji unalisha nyumba nyingi za Kamatanda. Hatusemi migodi ifungwe tu. Shinkolobwe ilifungwa kwa amri ya rais Januari 2004. Julai mwaka uleule udongo uliporomoka na kuua wachimbaji wanane, maana njaa ilikuwa bado iko. Kufunga bila kuwapa watu kazi nyingine hakuokoi mtu.

Basi kanisa lifanye nini? Anapokuja mtu kuomba ardhi au kuhamisha kijiji, wazee wa kanisa waulize mambo matatu mbele ya watu wote. Madini haya yanakwenda kufanya kazi gani? Nani atapima maji na udongo, na majibu tutayasoma sisi? Na tukihamishwa, ahadi ya malipo na ya kurudi imeandikwa wapi?

Nabothi alikataa kutoa urithi wa baba zake, na barua zilizomuua ziliandikwa kwa muhuri wa mfalme. Mchungaji asikubali Biblia itumiwe kuwalainisha watu wake. Aifungue kwanza yeye, asome nao, kisha ndipo wajibu.