Saratani ya ini: Si mkosi wa ukoo, ni virusi

Familia inayouguza mtu mwenye saratani ya ini huniuliza jambo moja: "Daktari, na watoto wake wataurithi?" Baba alikufa nao, sasa kaka mkubwa tumbo limejaa maji, na wazee wameanza kusema ukoo una mkosi. Jibu sahihi linaweza kuwaokoa waliobaki.

Kila seli ya ini ina vinasaba, yaani maelekezo ya lini igawanyike na lini iache. Virusi vya homa ya ini B huchomeka vipande vyao ndani ya maelekezo hayo. Kwenye uvimbe wa saratani mara nyingi vipande hivyo hukutwa karibu na jeni iitwayo TERT, ambayo katika ini la mtu mzima inapaswa kuwa imelala. Ikiamshwa, seli haizeeki tena. Jeni nyingine, TP53, ni askari wa zamu anayezisimamisha seli zilizoharibika. Naye akiondolewa, hakuna wa kuzizuia.

Makosa haya hutokea ndani ya ini la mgonjwa kwa miaka mingi. Hayamo kwenye yai la mama wala mbegu ya baba, hivyo mtoto hayarithi. Anachoweza kupata ni virusi vyenyewe, hasa wakati wa kuzaliwa, na watoto wanaoambukizwa wakiwa wachanga, takribani 9 kati ya 10 hubaki navyo maisha yote. Ndiyo maana ugonjwa huonekana kama wa ukoo.

Usiniambie huna dalili. Chini ya hadubini, baadhi ya seli za mwenye virusi huonekana na ukungu, kama kioo kilichopuliziwa pumzi, kwa sababu zimejaa protini ya virusi. Mwenye ini hilo analima na kucheza mpira kama kawaida. Wengi hupata makovu kwanza, ini likawa gumu lenye vinundu, lakini homa ya ini B huweza kuleta saratani hata kabla ya makovu.

Halafu kuna sumukuvu. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, tukashtuka. Ile ya kidogo kidogo kila siku haitushtui, nayo hubadili herufi moja ya TP53, mara nyingi mahali palepale, nafasi ya 249. Kwa mwenye virusi hatari huongezeka maradufu na zaidi. Ukinunua mahindi au karanga sokoni Tengeru, chambua; zenye ukungu na zilizosinyaa tupa, wala usimpe ng'ombe wa maziwa, maana sumu hupita kwenye maziwa. Makande yachemke mchana kutwa, bado haiishi.

Mmoja wenu akikutwa na virusi, mama yake, ndugu wa tumbo moja, mwenza na watoto wote wapimwe damu. Chanjo iliingia kwenye ratiba ya watoto wetu mwaka 2002. Waliozaliwa kabla wengi hawakuipata. Mjamzito mwenye virusi aseme mapema kliniki, aulizie dawa za kumkinga mtoto na chanjo ndani ya saa 24 baada ya kujifungua. Na mwenye virusi amuulize daktari wake kuhusu ultrasaundi ya kila miezi 6, hata kama anajisikia mzima: uvimbe mdogo unaweza kukatwa, uliojaza tumbo mara nyingi haukatiki.